Ngozi Imekuwa Majivu, Shela Limekuwa Bluu: Kutatua Matatizo ya WB kwenye Kamera za Dijitali za Zamani

Bibi mmoja wa Mvumi aliniomba nimpige picha mbele ya nyumba yake ya tembe. Nilipompelekea, aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu ni mimi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Bibi yule ni mweusi wa kung'aa, na siku ile alikuwa amejipaka mafuta vizuri. Kwenye picha ngozi yake ilikuwa ya kijivu, kama mtu aliyetoka kusaga mtama. "Ni wewe, bibi. Kosa ni langu," nikamwambia. Wiki iliyofuata nilirudi kumpiga upya.

Kamera niliyotumia ni ya zamani, na kosa lilikuwa kwenye kile kitufe kilichoandikwa WB, yaani waiti balansi: namna kamera inavyoamua kipi kihesabiwe kuwa cheupe. Siku hizi naona vijana hapa Dodoma wakizifufua Nikon D70 za 2004, Canon EOS 300D za 2003 na zile PowerShot ndogo za betri za AA. Nazipenda kamera hizi na ndizo ninazofanyia kazi, lakini katika kukisia rangi ya mwanga ziko nyuma sana ya simu iliyo mfukoni mwako. Lazima uzisaidie. Watu wetu hawastahili kurudi nyumbani na ngozi isiyo yao.

Macho huzoea. Karatasi unaiona nyeupe chini ya balbu sebuleni, na ukitoka nayo uani bado unaiona nyeupe, ingawa mwanga wa balbu umejaa wekundu na ule wa kivulini umejaa bluu. Kamera haina mazoea hayo. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: namba ndogo ni mwanga wa kuelekea wekundu, namba kubwa ni wa kuelekea bluu. Menyu ya WB ina alama za kuchagua kulingana na mwanga uliopo. Kwenye Canon za wakati ule alama ya balbu ni 3200 K, ya tyubu 4000, ya jua 5200, ya mawingu 6000 na ya kivuli 7000. D70 haiko mbali na hapo, isipokuwa kivuli imekiweka 8000. Namba hizi tutazirudia mara kwa mara.

Kabla hujagusa chochote

Fungua picha zote za siku hiyo kwenye kompyuta, zikae pamoja mbele yako. Usihukumu rangi kwenye skrini ya kamera. Ile ya D70 na ya 300D ina inchi 1.8 tu, na baada ya miaka 20 imeshafifia. Grafu ya mwanga ya kamera hizi nayo haitenganishi nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo haitakuonyesha kwamba rangi moja imezidi. Ukitazama kwa simu, zima kwanza ule mpangilio wa kupunguza bluu usiku.

Sasa jiulize swali moja: rangi mbovu inabadilika au haibadiliki? Kama ni ileile kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, kuna mpangilio umebaki pale ulipouacha. Kama inabadilika kila unapogeuza kamera upande mwingine, auto, yaani kamera kujichagulia WB yenyewe, ndiyo inayokisia na kukosea. Na kama inabadilika huku umesimama palepale na unaelekeza kamera palepale, tatizo liko kwenye taa.

Picha zote za nje ni za bluu

Ulipiga send-off usiku ukaweka alama ya balbu, asubuhi ukatoka juani bila kuirudisha. Kamera bado inadhani iko chini ya balbu ya 3200 K, inaongeza bluu kufuta wekundu ambao haupo. Picha za nje zikiwa za rangi ya chungwa zote, ni kinyume chake: ulibaki kwenye kivuli. Mimi siku hizi nikiirudisha kamera begini naizungusha kwanza WB hadi auto, kwa sababu asubuhi ya harusi hakuna anayekumbuka jambo hilo.

Kwenye kamera ndogo za mfukoni menyu ya WB wakati mwingine huwezi kuiona kabisa. Si mbovu. Ukiwa kwenye modi ya AUTO ya kijani, nyingi huificha. Geuza hadi modi ya P na itatokea. Na kama kamera inakuuliza tarehe kila ukibadilisha betri, betri yake ndogo ya ndani imechoka. Kamera ya namna hiyo inaweza kusahau na mipangilio mingine pia, kwa hiyo kila ukiweka betri mpya hakikisha WB iko ulikoiacha.

Ngozi ya majivu mbele ya udongo mwekundu

Hapa ndipo nilipomkosea bibi yangu wa Mvumi, na kwa sisi wa kanda hii naamini ndilo tatizo lenye madhara kuliko yote.

Auto ya kamera za zamani hufanya kazi kwa dhana rahisi: ukichanganya rangi zote zilizo kwenye picha, jumla yake iwe karibu na kijivu. Mtaani kwenye nguo na mabango ya kila rangi, dhana hiyo inafaa. Mbele ya tembe haifai. Ukuta ni wa udongo, uwanja ni wa udongo, vumbi la Septemba limekaa juu ya kila kitu, na katikati amesimama mtu mwenye ngozi ya kahawia iliyo jamaa ya rangi hizohizo. Kamera inaona wekundu umejaa, inadhani ni mwanga ndio mwekundu, inaongeza bluu. Udongo unapauka kidogo na hakuna anayejali. Ngozi inapoteza damu, na hilo kila mtu analiona.

Dawa ni kuinyang'anya kamera uamuzi. Juani weka alama ya jua, uiache hapo hata picha ikionekana na joto kidogo. Mtu akiwa kivulini, weka kivuli. Kiangazi hapa anga huwa safi bila wingu, na kivuli cha anga safi kina bluu nyingi, kwa sababu kinaangazwa na anga lenyewe. Chini ya mti wenye majani mengi kivuli kinachukua na ukijani. Hapo alama peke yake haitoshi, pima mwenyewe, yaani ionyeshe kamera kitu kisicho na rangi kiwe kipimo chake, kama nitakavyoeleza chini.

Niliporudi Mvumi niligundua jambo la pili. WB ilikuwa sahihi, paji la uso lilikuwa sahihi, lakini chini ya kidevu cha bibi na ndani ya shingo palikuwa pekundu. Jua lilikuwa linagonga uwanja na kurudi juu likiwa limebeba rangi ya udongo. Hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kuondoa hilo, kwa sababu ni mwanga wa rangi mbili kwenye uso mmoja. Nilimwomba binti yake shuka jeupe, tukalitandika chini mbele ya miguu ya bibi, nje kidogo ya picha. Wekundu uliondoka papo hapo, na macho yake yakapata nuru.

Jambo hili linawahusu pia wanaokwenda Kolo, kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati, kupiga michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pale wekundu ndio mchoro wenyewe. Ukiiachia auto, inafuta hasa kile ulichosafiri kukiona. Weka kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha ya kupimia WB, karibu na mwamba bila kuugusa, pima, kisha piga.

Kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti kina ugonjwa uleule kwa upande wa pili: bluu imejaa nyuma, kamera inaongeza njano, uso unatoka kama umepakwa manjano. Studio taa haziondoki mahali pake, kwa hiyo pima mara moja asubuhi na usiguse tena.

Ukumbini usiku kila kitu ni cha chungwa

Auto ya D70 inafika chini hadi 3500 K tu. Balbu za mapambo za njano ziko chini ya hapo, kwa hiyo kamera inafika mwisho wa kamba yake na picha inabaki ya chungwa. Weka alama ya balbu.

Ukiwasha flashi mambo yanageuka. Flashi ina rangi inayokaribia jua. Ukiwa kwenye alama ya balbu, bibi harusi anakuwa wa bluu. Ukiwa kwenye alama ya flashi, yeye yuko sawa lakini ukumbi nyuma yake unawaka kama moto. Hapa wapiga picha hufunika flashi kwa plastiki ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha huweka alama ya balbu. Mwanga wote unakuwa wa familia moja. Kama huna, ukumbi wa chungwa na uso sahihi ni bora kuliko kinyume chake.

Uso una ukijani, au una upinki usioeleweka

Panda kiti usome maandishi kwenye ncha ya tyubu. Utakuta namba kama 765 au 865. Tarakimu mbili za mwisho zinakuambia Kelvini: 65 ni 6500 K. Alama ya tyubu kwenye kamera yako ya zamani ilipangwa kwa taa za 4000 K au 4200 K. Ndiyo maana unachagua alama iliyochorwa tyubu, uko chini ya tyubu kweli, na picha bado inatoka ya bluu na pinki. Kwa taa hizi jaribu mawingu au jua kwanza. Balbu za LED nazo nyingi zimeandikwa 6500K shingoni au kwenye boksi.

Namba ile ya kwanza, 7 au 8, inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Yenye 7 ni dhaifu. Taa za LED za bei rahisi mara nyingi zina wekundu mdogo mno, na ngozi nyeusi inauhitaji wekundu huo ili ionekane hai. Unaweza kupima WB kwa usahihi kabisa, shati likatoka jeupe kweli, na mtu bado akaonekana mgonjwa. Rangi ambayo taa haina, kamera haiwezi kuiumba. Msogeze mtu dirishani, zima taa.

Kuzima taa ni ushauri ambao watu wengi wanaupuuza. Sebule yenye dirisha upande mmoja na balbu upande mwingine haina WB moja iliyo sahihi. Chagua mwanga mmoja.

Rangi inaruka picha hadi picha, na hujasogea

Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu ya zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, huku rangi yake ikibadilika kidogo katika kila mzunguko. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde, unakamata kipande tu cha mzunguko: picha hii ya njano, inayofuata ya bluu, ya tatu ina giza. Shusha kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50, ukamate mzunguko mzima. Balbu za LED za bei ya chini nazo hufanya hivyo. Watu wengi hudhani kamera imekufa, wakati kinachohitajika ni kugeuza gurudumu la shata tu.

Chini ya turubai

Turubai la bluu, la kijani au la njano ni kichujio cha rangi kilichotandazwa juu ya wageni wote. Hakuna alama ya kamera iliyotengenezwa kwa ajili yake. Lazima upime mwenyewe, na upimie palepale watakapokaa maharusi, kadi ikiwa imeelekezwa kule watakakoelekea. Ukipimia ukingoni mwa turubai ambako jua linaingia, umepima mwanga mwingine.

Maharusi wakikaa nusu ndani nusu nje, shavu moja litakuwa la kijani na jingine sahihi. Niseme ukweli, mimi huwa naomba. Nilishamwambia mama mmoja wa kamati, "Mama, naomba viti visogee ndani hatua mbili, picha za mwanao zitakuwa nzuri zaidi," na vijana walivisogeza kabla sijamaliza kusema. Watu wanataka picha nzuri kama unavyotaka wewe, waambie tu mapema.

Umepima, lakini kamera haikubali

Kwenye D70, shika kitufe cha WB ukizungusha gurudumu la nyuma hadi PRE, achia, kisha shika tena WB kama sekunde mbili hadi PRE ianze kumetameta. Elekeza kwenye kadi, ijaze picha, bonyeza shata. Ikiandika Good, imepima. Ikiandika no Gd, kadi ina mwanga mdogo mno au mkali mno. Rekebisha mwanga urudie. Hakuna picha inayohifadhiwa, usiitafute kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kwenye 300D njia ni tofauti, na wengi hukwama hatua ya mwisho. Unapiga picha ya kitu cheupe kikiwa katikati, lenzi ikiwa kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, kwa sababu fokasi ya kamera haipati cha kushika kwenye weupe mtupu. Unaingia kwenye menyu, unachagua picha ile iwe kipimo. Halafu, na hapa ndipo penye mtego, unarudi kwenye WB na kuchagua alama ya kipimo chako. Usipofanya hivyo, kipimo kimehifadhiwa lakini kamera inaendelea na auto yake.

Upimie nini? Si kanzu wala shuka. Nguo nyeupe iliyofuliwa kwa bluu ya kufulia ni ya bluu kweli, ndiyo kazi ya dawa ile. Ukiipimia, kamera itaongeza njano kwa kila mtu ukumbini. Karatasi ya A4 inayong'aa sana nayo imetiwa kemikali inayorudisha bluu ikipigwa na jua. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ndiyo bora. Ukiikosa, kipande cha foamu nyeupe kinachokuja ndani ya boksi la televisheni, kikiwa kisafi, kinafanya kazi vizuri. Mimi ninacho kimoja cha ukubwa wa daftari, kimekaa begini miaka.

Suti nyeusi imekuwa zambarau

Uso uko sawa, shati liko sawa, lakini joho la mahafali au suti ya bwana harusi ina rangi ya zambarau iliyokolea. Usiguse WB. Kamera kadhaa za enzi zile zina kichujio dhaifu cha infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, mbele ya kihisi cha mwanga. Vitambaa vya sintetiki tunavyoviona vyeusi huakisi infraredi kwa wingi, na kamera inaihesabu kama rangi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Leica M8 ya 2006, ambayo kampuni iliishia kuwapa wanunuzi vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. D70 nayo inajulikana kwa kuona infraredi kuliko kamera zilizoifuata.

Elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi, bonyeza kitufe chake, piga picha gizani. Doa la mwanga wa rimoti likiwa kali sana, kamera yako inaona infraredi nyingi. Tiba ni kichujio cha kuzuia infraredi kwenye lenzi. Ukijaribu kutibu kwa WB, utaondoa zambarau kwenye suti na kuwapaka ukijani watu wote.

Zambarau kila mahali, na mistari

Hii si WB kabisa. Oktoba 2005 kampuni kadhaa za kamera zilitangaza kwamba vihisi vya CCD vilivyotengenezwa na Sony vingeweza kuharibika, hasa mahali pa joto na unyevu. Zilikuwamo PowerShot A70, A75 na A80, ambazo bado zinauzwa mitumba. Dalili ni picha ya zambarau au pinki yenye mistari, au giza tupu. Fungua menyu: kama maandishi yake ni safi lakini picha nyuma yake imevurugika, skrini ni nzima na kihisi ndicho kilichokufa. Zungusha WB alama zote. Mistari ikibaki, usinunue kamera hiyo hata kwa bei ya soda.

Picha imeshaharibika, mwenyewe anaisubiri

Kama ulipiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika (NEF kwa D70, CRW kwa 300D), tulia. WB haijafungwa ndani ya faili. Imeandikwa pembeni tu kama maelekezo. Fungua kwa RawTherapee au darktable, zote za bure, chagua chombo cha kuonyesha sehemu isiyo na rangi, bonyeza kwenye kitu cha kijivu. Usibonyeze weupe uliochomwa na mwanga, hauna tena habari ya rangi. Usibonyeze meno wala weupe wa macho. Vina rangi yake.

Kama ulipiga JPEG, faili la kawaida ambalo kamera imeshalipika, unaweza kuvuta joto la rangi kidogo na likakubali. Lakini picha iliyopigwa chini ya balbu kwenye alama ya jua mara nyingi bluu yake imeisha kabisa na wekundu wa mashavu umejaa hadi ukingoni. Ukivuta, ngozi inakuwa na mabaka. Vuta nusu, usilazimishe. Ikikataa, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, uichape vizuri, kisha mweleze mwenye picha kwa nini umefanya hivyo na siku gani utarudi kumpiga nyingine.